Filamu iliyoeleza jinsi Japani ilivyoingia vitani: kwa nini aliyemshinda Mjapani ndiye aliyeifungia?

#1 Msomaji wa Usiku
Wakuu salaam. Kuna jambo linaninyima usingizi wiki ya pili sasa.

Mwaka 1946 Japani imeshindwa, Tokyo ni majivu, watu wanahangaika na mgao wa chakula. Bwana mmoja, Fumio Kamei, anaingia stoo ya filamu za habari za Nippon Eigasha. Ni zile zile raia walizoonyeshwa sinema miaka yote ya vita, askari wanapiga banzai, bendera zinapepea. Anakata, anaunga, anaweka sauti mpya juu yake. Inatoka filamu ya dakika kama 39, Nihon no higeki, yaani "Msiba wa Japani". Inafuata njia yote kuanzia Manchuria (kaskazini-mashariki mwa Uchina) 1931, Uchina 1937, shambulio dhidi ya Wamarekani pale Pearl Harbor, mpaka kushindwa. Inataja waliosukuma na walionufaika: majenerali, matajiri wa viwanda, wanasiasa, wenye magazeti.

Halafu kuna ile picha ya Mfalme Hirohito. Amesimama na magwanda ya jeshi, nishani kifuani. Taratibu picha inayeyuka, na pale pale, mtu yule yule, anatokea amevaa suti na tai.

Filamu ilipita ukaguzi wa Wamarekani, ikaanza kuonyeshwa. Agosti 1946 ikafungiwa, nakala zikakusanywa pamoja na negativu. Na waliofungia si majenerali wa Kijapani, maana hao walikuwa kizimbani. Ni makao makuu ya Jenerali MacArthur, Mmarekani aliyeongoza majeshi yaliyoikalia Japani baada ya vita, watu waliosema wamekuja kuleta uhuru wa maoni.

Swali: kwa nini? Nimesoma majibu matatu na hakuna lililoniingia. Karibuni.

#2 Kijana wa Makorora
Naweka kigoda hapa. Ngoja wajuzi waje.

#3 Komredi Mtaa
Mkuu #1 umechanganya. Kamei alifungiwa na jeshi la Japani, tena kabla ya Pearl Harbor. Nimesoma. Wamarekani wanasingiziwa kila kitu siku hizi.

#4 Fundi Projekta
Komredi, uko sahihi nusu. Hizo ni filamu mbili.

Ya kwanza ni Tatakau heitai, "Askari Wanaopigana", ya 1939. Jeshi lenyewe lilitaka sinema ya kampeni ya Wuhan. Kamei akaenda Uchina, akarudi na askari waliochoka, wakulima waliochomewa nyumba wanarudi kwenye mashamba yao, na farasi mgonjwa aliyeachwa njiani, miguu inatetemeka mpaka anaanguka. Wakubwa walipoiona wakasema hawa si askari wanaopigana, hawa ni askari waliochoka. Haikutoka. Oktoba 1941 akakamatwa kwa Sheria ya Kulinda Amani, ile ya kuwabana wapinzani wa utawala, na akanyang'anywa kibali cha uongozaji.

Ya pili ndiyo hii ya #1, ya 1946. Hii walifungia Wamarekani.

Mimi nimeendesha projekta miaka kumi na minane, kwa hiyo niseme kuhusu ile picha ya kuyeyuka. Zama zile huifanyi kwa kubonyeza kitufe. Unachukua vipande viwili, unavipitisha kwenye mashine ya kuchapia, kimoja unakififisha huku kingine unakileta polepole, na mtu lazima akae mahali pamoja vinginevyo macho yanagundua. Kamei alitafuta picha mbili za Mfalme zinazolingana mwili kwa mwili. Hiyo ni kazi ya mtu aliyejua anasema nini. Kwenye sinema nzima hakuna sentensi kali kuliko hiyo, na haina neno.

#5 Komredi Mtaa
Nimekubali, Fundi. Asante. Kumbe mtu mmoja kafungiwa na pande zote mbili za vita!

#6 Dada wa Nagoya
Hamjambo. Naishi Japani mwaka wa saba, kwetu Unguja. Filamu hii nimeiona.

Sababu iko wazi kwangu: Mfalme. Januari 1946 MacArthur aliandika Washington kwamba Mfalme akishitakiwa atahitaji askari si chini ya milioni moja kuitawala Japani. Walikuwa wameshaamua abaki, awe daraja la kupitishia amri zao. Tarehe 1 Januari mwaka ule ule Mfalme alitoa tamko la kukana kuwa yeye ni mungu aliye hai. Anapelekwa mikoani akiwa na kofia na suti, anasalimia wafanyakazi viwandani. Sasa anakuja Kamei na sekunde chache za picha kuwaambia watu kwamba yule wa suti ndiye yule wa magwanda. Ilikuwa lazima ifungwe.

#7 Mzee wa Kilindini
Dada, Mfalme huyo si aliachia kiti baadaye kwa aibu? Ndivyo tulivyosikia.

#8 Dada wa Nagoya
Shikamoo mzee. Hapana, hakuachia. Alikaa mpaka alipofariki tarehe 7 Januari 1989. Aliyeachia ni mwanawe Akihito, mwaka 2019.

#9 Mzee wa Kilindini
Marahaba mwanangu. Nimesahihishwa.

#10 Mhasibu wa Zamani
Mimi sikubaliani na jibu la Mfalme peke yake. Kama ni Mfalme, kwa nini wakaguzi waliipitisha mwanzoni? Walikuwa na macho.

Tazameni watu. Ofisi ya MacArthur haikuwa na kichwa kimoja. Kulikuwa na idara ya habari na elimu, na kule sinema zilisimamiwa na David Conde, mtu wa mrengo wa kushoto, aliyewahimiza Wajapani watengeneze filamu za kuumbua waliowaingiza vitani. Upande wa pili kuna Jenerali Willoughby, mkuu wa ujasusi, ambaye kila kona anaona mkomunisti. Waziri Mkuu Yoshida aliiona filamu mwanzoni mwa Agosti, ikamuudhi, akafikisha malalamiko. Willoughby akaamuru ikaguliwe upya. Conde alikuwa ameshaondoka kwenye nafasi yake. Ndani ya siku chache, marufuku.

Kamei alisomea sinema Leningrad. Mtayarishaji wake, Akira Iwasaki, alishafungwa na serikali ya kijeshi kwa kuipinga Sheria ya Filamu ya 1939, iliyoiweka sinema mikononi mwa serikali. Kwa Willoughby hao ni wekundu, basi. Vita vya pili vimeisha, vita baridi vinaanza, na filamu imekutwa katikati.

#11 Mwalimu wa Historia, Iringa
Nasoma tangu juzi kimya kimya. #6 na #10 wote mna hoja, ila mnaisahau njaa.

Tarehe 19 Mei 1946 watu karibu robo milioni walijaa mbele ya ikulu ya Mfalme wakidai chakula. Yoshida anakuwa Waziri Mkuu siku tatu baadaye. Mtu ana nchi yenye njaa, vyama vya wafanyakazi vinagoma, wakomunisti wametoka jela, halafu unamletea sinema inayosema aliyewaletea njaa hii anaishi nyuma ya lile handaki la maji. Sababu waliyoandika wakaguzi ni kwamba jinsi filamu ilivyomshughulikia Mfalme ingeweza kuzusha ghasia. Mimi nawaamini. Waliogopa barabara.

#12 Kijana wa Makorora
Mwalimu hapo umegonga. Ila tuambie, hiyo njia yenyewe ya kuingia vitani ilikuwaje? Shuleni tulipewa mstari mmoja tu, "Japani ilivamia Manchuria", tukahamia Hitler.

#13 Mwalimu wa Historia, Iringa
Kijana, umeuliza swali ninalolipenda.

Usiku wa tarehe 18 Septemba 1931, maofisa wa jeshi la Japani lililokuwa Manchuria walilipua kipande cha reli yao wenyewe karibu na Mukden, wakawasingizia Wachina, wakateka jimbo. Serikali ya Tokyo haikuwa imewatuma. Ilipojua, haikuwaadhibu. Hapo ndipo pa kutazama: kosa la kwanza lilifanywa na maofisa wachache, la pili likafanywa na wote walionyamaza. Mei 1932 maofisa vijana wa jeshi la majini wakamuua Waziri Mkuu Inukai nyumbani kwake. Mahakamani wakapokewa kama mashujaa, raia wakatuma barua za kuwaombea. Februari 1936 wenzao wa nchi kavu wakateka katikati ya Tokyo na kumuua Waziri wa Fedha Takahashi, mzee aliyekuwa anabana bajeti ya jeshi.

Sasa tazama ufundi wa sheria. Kuanzia 1936 Waziri wa Jeshi alipaswa tena kuwa jenerali aliye kazini. Maana yake jeshi likikataa kutoa mtu, hakuna baraza la mawaziri. Januari 1937 Jenerali Ugaki aliombwa kuunda serikali, jeshi likamnyima waziri, akashindwa. Julai 1940 waziri wa jeshi akajiuzulu, serikali ya Yonai ikaanguka. Hawakuhitaji mapinduzi tena. Walikuwa na ufunguo.

Na wapo waliosema. Februari 1940 mbunge Saito Takao alisimama bungeni akauliza vita hivi vya Uchina shabaha yake hasa ni nini. Sehemu kubwa ya hotuba ikafutwa kwenye kumbukumbu za Bunge, mwezi uliofuata wakamfukuza ubunge. Wapiga kura wake wakamrudisha 1942. Wanafunzi wangu huwa nawasimulia huyu kabla ya Tojo, jenerali aliyekuwa Waziri Mkuu wakati wa Pearl Harbor.

#14 Mhasibu wa Zamani
Mwalimu unawalaumu wanajeshi tu. Fuata fedha. Marekani ilipoanguka kiuchumi 1929, bei ya hariri ilianguka nayo, na hariri ndiyo ilikuwa chakula cha mkulima wa Japani. Kaskazini mwao njaa, wasichana wanauzwa mjini. Viwanda vya nguo vinatafuta soko, kila mlango wanakuta ushuru. Mwaka 1934 Waingereza waliweka ukomo wa nguo za Kijapani kwenye makoloni yao mengi. Mtu akikukatia riziki halafu jenerali akakwambia Manchuria kuna ardhi ya bure, utamsikiliza nani?

#15 Bibi Asali
#14 umenikumbusha. Makoloni mengi, lakini si kwetu! Afrika Mashariki ilikuwa ndani ya mikataba ya Bonde la Kongo, Mwingereza hakuweza kumbagua mfanyabiashara wa nchi nyingine. Ndiyo maana marekani (ile nguo ya pamba) na vitambaa vya Japani vilijaa madukani Mombasa na Dar miaka ya 30, na pamba ya Uganda ikapelekwa Japani. Marehemu nyanya yangu alikuwa na sanduku la kanga zilizochapwa Japani, akizisifu rangi haitoki.

#16 Komredi Mtaa
Bibi Asali uzi wa vita umeugeuza duka la kanga 😀

#17 Bibi Asali
Mwanangu, aliyevaa ile kanga mumewe alikwenda Bama (Burma) kupigana na watu wa kiwanda kile kile. Duka na vita vimepita nyumba moja.

#18 Mjukuu wa Keya
Bibi Asali, nimesoma hapo nikasimama kidogo.

Babu yangu alikuwa Keya, yaani askari wa KAR (King's African Rifles) wa Mwingereza, Divisheni ya 11 ya Afrika Mashariki, nembo ya mnyama kifaru begani. Walipita Bonde la Kabaw 1944 katika mvua, matope mpaka kiunoni, malaria na typhus, wakafika Kalewa mwezi Desemba. Sisi wajukuu tulimwuliza Mjapani yukoje. Alikuwa anajibu kitu kimoja: alikuwa na njaa. Alisema walikuta maiti njiani wasio na jeraha.

Hakuwahi kuniambia alikwenda kwa sababu gani. Aliambiwa kuna vita, akapanda meli. Kwa hiyo ninaposoma kwamba kuna Mjapani aliyetoka gerezani akakaa na mikanda ya filamu kuwauliza watu wake "tulifikaje hapa", nasikia kama alikuwa anamjibu babu yangu. Na jibu hilo likafungiwa kabatini na wale wale waliokuwa upande wa babu. Linaniuma, sijui niseme vipi.

#19 Mzee wa Kilindini
Pole mwanangu, na Mungu amrehemu babu. Kuna waliokwisha njiani kabla hata ya Bama. Meli Khedive Ismail iliondoka Mombasa kwenda Colombo, Februari 12, 1944 ikapigwa torpido na nyambizi ya Kijapani karibu na Maldivi. Ilizama kwa dakika kama mbili. Karibu watu 1,300 walikufa, wengi wao wapiga mizinga wa Afrika Mashariki.

Na vita vile vilikuwa hapa hapa. Japani ilipoipiga Colombo Aprili 1942, manowari za Waingereza za Bahari ya Hindi zilihamia Kilindini. Shule ya Allidina Visram, inayotazama bahari, waligeuza kituo cha kunasa na kufumbua mawasiliano ya siri ya Wajapani. Wangapi kati yenu mmepita pale bila kujua?

#20 Kijana wa Makorora
Mzee mimi nimepita pale mara mia! Sikujua hata kidogo.

#21 Mwana Likasi
Yambo wote. Miye ni wa Katanga. Mukiongea Japani, musisahau Shinkolobwe, karibu na kwetu Likasi. Urani ya mule shimoni ndiyo iliyotumika kwa sehemu kubwa kwa bomu la Hiroshima. Wazee wetu waliibeba kwenye magunia bila kuambiwa ni kitu gani.

Naongeza jambo moja la filamu, maana sitaki kutoka nje ya uzi. Shirika lile lile, Nippon Eigasha, lilituma wapiga picha Hiroshima na Nagasaki baada ya bomu, na Iwasaki yule yule akiwa mtayarishaji. Wamarekani wakachukua mikanda yote. Japani ilirudishiwa nakala 1967. Sasa mutaniambia hapo pia ni sababu ya Mfalme? Hapo Mfalme hayumo. Miye naona aliyeshinda hakutaka mutu mwingine ashike hadithi, basi. Ya Mfalme, ya wakomunisti, ya njaa, zote ni nguo tu za kuvalisha hiyo.

#22 Dada wa Nagoya
Ndugu wa Likasi, hiyo imenifanya niirudie #6 yangu. Bado naona Mfalme ndiye aliyeiua filamu hii, lakini siwezi kusema ndiye aliyeua zile mikanda za Hiroshima.

Kuna kitu kinachokuunga mkono. Zamani mkaguzi wa Kijapani akifuta neno kwenye gazeti au kitabu, mara nyingi paliachwa alama za msalaba au nafasi tupu. Msomaji anaona pamefutwa, anakisia. Wamarekani walikataza hata hilo. Ilikuwa marufuku kuonyesha kwamba kuna ukaguzi, ukurasa lazima upangwe upya usionekane na tundu. Na katiba iliyoandikwa chini yao, iliyoanza kutumika Mei 3, 1947, kifungu cha 21 kinasema hakutakuwa na ukaguzi. Watu waliisoma katiba hiyo kwenye magazeti yaliyokaguliwa.

#23 Fundi Projekta
Nina kisa. Ukumbi niliofanyia kazi, mji siutaji, tulipewa filamu moja tukaambiwa kipande fulani kitolewe kabla ya onyesho la jioni. Nilikitoa mwenyewe kwa wembe na gundi, nikaunga vizuri. Watu wakatazama, wakapiga makofi, hakuna aliyejua. Nilijisifu kwa kazi safi. Miaka baadaye ndipo nilipofikiri ningeacha walau mkwaruzo. Maelezo ya Dada hapo juu yamenirudisha kwenye ule wembe.

#24 Mhasibu wa Zamani
Fundi, asante kwa ukweli huo.

Mwana Likasi, nauliza: kama mshindi alitaka kushika hadithi yote, mbona Kamei aliendelea kupewa kazi? Mwaka 1947 aliongoza na Satsuo Yamamoto filamu ya Vita na Amani ya kampuni ya Toho. Ilikatwa sana, kweli, ila ilitoka. Na kumbukeni pia biashara: kumbi kubwa zilikataa Nihon no higeki hata kabla ya marufuku. Kuna Wajapani wa kawaida ambao hawakutaka kuiona.

#25 Mjukuu wa Keya
Hawakutaka kuambiwa nao walipiga makofi Manchuria ilipotekwa. Mwalimu hapo #13 kasema walituma barua za kuwaombea wauaji. Magazeti makubwa yaliyokuwa yakilikosoa jeshi yaligeuka 1931, na mauzo yakapanda. Nani alikuwa ananunua?

#26 Mwalimu wa Historia, Iringa
Hapo ndipo nina neno na Kamei mwenyewe. Filamu yake inawaonyesha wakubwa waliodanganya na wadogo waliodanganywa. Mimi siamini mamilioni ya watu wanadanganywa miaka kumi na mitano bila wao kutaka kidogo. Lakini nisingeifungia. Ningeionyesha darasani na kuibishia.

#27 Dada wa Nagoya
Nawawekea kitu, mnisaidie. Natafsiri kifungu cha kwanza cha Sheria ya Kulinda Amani ya 1925, ile iliyomkamata Kamei. Inasema atakayeunda chama kwa nia ya kubadilisha kokutai, au kukana utaratibu wa mali binafsi, afungwe hadi miaka kumi. Mwaka 1928 wakapandisha mpaka kunyongwa kwa upande wa kokutai. Angalieni vitu viwili vilivyokaa kwenye sentensi moja, Mfalme na mali. Ndivyo vile vile #6 na #10 tunavyobishania kwa mwaka 1946.

Kokutai ndiyo inanishinda. Herufi zake ni "nchi" na "mwili". Ni ule utaratibu wa taifa chini ya Mfalme asiyekatika uzao. Kiswahili tuseme nini?

#28 Bibi Asali
Mwili wa nchi. Iache hivyo hivyo.

#29 Komredi Mtaa
Mfumo wa dola.

#30 Mzee wa Kilindini
Mfumo ni neno la ofisini, haliui mtu. Semeni asili ya taifa.

#31 Mwana Likasi
Kwetu tungesema nguvu ya kiti.

#32 Msomaji wa Usiku
Wakuu, nilileta swali moja, sasa nina sita. Nimeirudia ile picha ya Mfalme leo saa nane usiku, nikaisimamisha katikati, pale magwanda hayajatoka na suti haijafika. Dada, kabla hujachagua neno, itazame hapo.